Hivi hawa wachekeshaji wa papo kwa papo kweli hawana andiko, au tunachezewa?

#1 Fundi Saa
Wakuu, habari za jioni.

Nimenasa kwenye vipande vya Whose Line Is It Anyway?, kipindi cha televisheni cha vichekesho vya papo kwa papo, lile toleo la Marekani lililoongozwa na Drew Carey. Karatasi inachomolewa kwenye kofia, inasomwa sentensi moja, na msomaji hajafunga mdomo mchekeshaji Ryan Stiles ameshasogea mbele anaifanyia kazi. Mwenzake Wayne Brady analetewa mama mmoja kutoka kwa watazamaji, anaambiwa jina na kazi yake, kisha anamwimbia wimbo mzima, vina vimekaa, kinanda kinamfuata kana kwamba walilala studio.

Eti hakuna andiko. Mimi nashinda nafungua saa za watu, sijawahi kuona mshale unaojizungusha wenyewe. Hawa wamekaririshwa. Anayebisha aje na sababu, siyo matusi.

#2 KoleoLaMoto
Nimeweka kambi. Karanga ninazo.

#3 Bint Tandale
Mleta uzi umesahau mkasi. Kile kipindi walikuwa wanarekodi muda mrefu sana mbele ya watu, halafu wahariri wanakata, na kikao kimoja kinazaa vipindi zaidi ya kimoja. Yaliyobuma hujayaona na hutayaona. Tena wewe unaangalia vipande vya mtandaoni, yaani mtu kachagua kutoka kwenye kitu ambacho kilishachaguliwa.

#4 Fundi Saa
Mkasi unaondoa kibaya, haushoni kizuri. Yule mama aliimbiwa mwanzo mwisho, kamera haikutoka usoni kwa Brady. Endelea.

#5 Ngosha wa Kirumba
Nyie mnahangaika na Wamarekani wakati watani mnao.

Msiba wa babu yangu alikuja mtani wake wa Kizaramo. Kaingia ndani, katoka na koti la marehemu, kofia ya marehemu, fimbo ya marehemu. Kaanza kutembea uwanjani kama yeye, lile goti la kushoto linavyochelewa. Anamwita kila mtu kwa jina la utani alilokuwa anaitwa na mzee. Akamfikia baba mdogo, akasimama: "Wewe, ile baiskeli umeshairudisha, au unasubiri nifufuke?" Baba mdogo, macho mekundu kwa kulia, akajibu eti ina pancha. Jamaa hakupoteza hata pumzi: "Pancha tangu uhuru?" Watu waliangua kicheko mpaka shangazi akatolewa nje. Wakati jeneza linatoka akajilaza njiani, hapiti mtu mpaka alipwe.

Nani alimwandikia?

#6 Bint Tandale
Ngosha nimecheka, pole kwa msiba. Ila nusu ya hayo ni urithi. Kuvaa nguo za marehemu, kujilaza njiani, kudai pesa: watani walifanya hivyo kabla babu yako hajazaliwa. Kipya pale ni "pancha tangu uhuru".

#7 Ngosha wa Kirumba
Na ndicho kilichomtoa shangazi nje.

#8 Mzee wa Gerezani
Vijana, enzi za Muungano Cultural Troupe na baadaye TOT ya Kapteni Komba, mtu alilipa kiingilio kimoja baa akapata ngoma, sarakasi, taarabu, igizo na vichekesho usiku uleule. Mimi nilikuwa mlangoni nauza tiketi, kwa hiyo niliyaona mengi kwa ubavu wa jukwaa.

Igizo halikuwa na daftari. Kiongozi anasimulia kisa, mnagawana: wewe baba, wewe mke mdogo, wewe balozi wa nyumba kumi. Maneno mtayajua hukohuko. Sasa waigizaji haohao ndio wacheza ngoma. Kuna usiku mke mdogo alichelewa kutoka, bado anahangaika kufungua njuga miguuni. Baba wa watu yuko peke yake jukwaani. Akaanza kumgombeza mke ambaye hayupo: "Unajipamba mpaka saa hizi unakwenda kwa nani?" Mlevi wa meza ya mbele akapaza sauti: "Kwangu!" Basi kisa kikahama. Mlevi akawa ndiye mwizi wa mke mpaka mwisho wa igizo, na alikuwa hajui kama anaigiza.

#9 KoleoLaMoto
Shikamoo mzee. Huyo mlevi alilipwa?

#10 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Alilipishwa, alivunja glasi mbili.

#11 dogo_janja_tz
Kumbe ndo kama kina Joti na Masanja enzi za Ze Comedy.

#12 Bint Tandale
Hapana dogo, usichanganye. Ze Comedy ya EATV, baadaye Orijino Komedi ya TBC, ni michezo mifupi iliyopangwa ikarekodiwa. Joti ana uhusika wake anauvaa na mavazi yake yameandaliwa. Ni kazi nzito na naipenda, ila anayekuja mbele ya watu mikono mitupu akauliza "nipeni mahali" ni fani nyingine.

#13 Ngosha wa Kirumba
Na Mzee Majuto unamweka wapi? Filamu nyingi za Bongo za enzi za VCD zilipigwa kwa muhtasari wa matukio tu, mazungumzo wanayatoa wenyewe kamera ikiwa inazunguka. Ukimwangalia Majuto (Mungu amrehemu, tumempoteza Agosti 2018) unamwona mwenzake anazuia kicheko. Mtu hacheki maneno aliyoyasoma jana usiku.

#14 Fundi Saa
Majuto alikuwa Majuto kila siku. Mzee yuleyule mbishi wa Tanga, mpe duka, mpe hospitali, mpe mke, anajibu vilevile. Hilo ndilo nasema: kuna kitu kimeshakaa kichwani kabla.

#15 Mwalimu wa Zamu
Mleta uzi hapo umegusa jambo la zamani. Waitaliano wa karne ya 16, wale wa commedia dell'arte, walikuwa na mfumo huo hasa. Kila mwigizaji na barakoa yake maisha yake yote: Pantalone mzee bahili, Arlecchino mtumishi mwenye njaa. Kisa kinaandikwa kwa ufupi, maneno wanajaza wenyewe, na kila mmoja ana akiba ya vituko vilivyopikwa anavichomeka mambo yakipoa. Flaminio Scala alichapisha visa vya namna hiyo 1611. Kwa hiyo wana andiko na hawana.

#16 KoleoLaMoto
"Wana andiko na hawana." Mwalimu ungefaa kuwa msemaji wa wizara.

#17 mjuaji_wa_mambo
Acheni kuzunguka. Improvu, yaani hivyo vichekesho vya papo kwa papo, ilianzishwa na kundi la Second City, Chicago, Desemba 1959. Huko ndiko walipopita Bill Murray, Tina Fey, Steve Carell, Stephen Colbert. Kwisha.

#18 Bint Tandale
Haijaisha. Kabla yake kulikuwa na Compass Players, Chicago hiyohiyo, 1955, ya David Shepherd na Paul Sills, ndiko walikotoka wachekeshaji Mike Nichols na Elaine May. Na mama yake huyo Sills, Viola Spolin, ndiye aliyebuni michezo ya mafunzo yenyewe. Alifundishwa na Neva Boyd pale Hull House, nyumba iliyohudumia wahamiaji, na michezo yake ilikusudiwa watoto ambao hata lugha ya nyumbani haifanani. Kitabu chake kikatoka 1963 na bado kinatumika.

Pili, maonyesho makuu ya Second City siyo ya papo kwa papo moja kwa moja. Wanabuni mbele ya watu baada ya onyesho, kilichochekesha kinafanyiwa mazoezi, wiki zinazofuata kinaingia kwenye onyesho kamili. Kwa hiyo mleta uzi akienda kule akasema wamekariri, siku hiyo atakuwa amepatia.

#19 Fundi Saa
Nimepata ushindi mdogo. Asante binti.

#20 Dada wa Calgary
Habari zenu. Mimi nipo Kanada, na nashangaa Keith Johnstone hajatajwa mpaka post ya ishirini. Mwalimu wa improvu, Mwingereza, alikuwa ukumbi wa maigizo wa Royal Court kule London. Wakati huo Uingereza andiko la mchezo lilipaswa kupelekwa kwanza ofisi ya Lord Chamberlain likakaguliwe, mpaka sheria ilipofutwa 1968. Sasa utapelekaje andiko la mchezo usio na andiko? Akawa anatangaza onyesho kama darasa la maonyesho kwa umma. Baadaye akahamia huku Calgary, akaanzisha kundi la maigizo la Loose Moose 1977. Amefariki 2023 akiwa na miaka 90.

Mashindano yake ya Theatresports yalitokana na mieleka. Aliwaona watu wanavyopiga kelele ulingoni, akauliza kwa nini ukumbi wa michezo ya kuigiza watu wakae kama wako benki. Akaweka timu, majaji, alama. Na jaji ana honi. Onyesho likichosha, puuu, mnatoka.

Mleta uzi, njoo uangalie laivu. Ukiyaona yanavyobuma utaamini. Kuna kijana alipewa "duka la samaki", akasimama, akatazama mikono yake, akasema "samaki... hawa hapa." Kimya. Mwenzake akasema "ndiyo." Kimya tena. Honi.

#21 KoleoLaMoto
"Samaki hawa hapa." Nimemwaga karanga.

#22 Likasi243
Jambo yenu bote. Musisahau Lubumbashi. Kwetu kulikuwa kundi ya Mufwankolo, batu bote ba Katanga banaijua, redio na televisheni. Banaanza na methali ao kisa kidogo, banakaa, banazungumuza, kila mutu anatoa yake, banajaribu, banatengeneza. Hakuna karatasi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, aliwakuta 1986, aliandika kitabu kizima juu ya igizo moja tu, namna lilizaliwa kutoka kwa mazungumzo mpaka kamera. Kwa hiyo Fundi Saa, si kukariri na si uchawi. Ni kukaa pamoja miaka mingi.

#23 Mwalimu wa Zamu
Likasi, hiyo ya kukaa pamoja ina uzito. Colin Mochrie, mwenzao wa Whose Line, na Ryan Stiles walijuana Vancouver, kwenye hiyohiyo Theatresports, zamani kabla ya televisheni. Na kipindi chenyewe kilianzia redio ya BBC 1988, kikahamia Channel 4 mwaka huohuo, Wamarekani wakakichukua 1998. Unaangalia watu wanaojuana mpaka pumzi.

#24 Fundi Saa
Na kukaa pamoja miaka mingi tofauti yake na mazoezi ni nini?

#25 Bint Tandale
Mazoezi yapo! Hakuna aliyesema hayapo. Hufanyi mazoezi ya maneno, unafanya mazoezi ya kupokea.

Nasimamia klabu ya maigizo shuleni. Mchezo wa kwanza ninaowapa ni wa Spolin, wa kioo. Wawili wanatazamana, mmoja anapandisha mkono polepole, mwingine anamfuata kama kioo. Mwanzoni anayeongoza anataka kumkomoa mwenzake, anafanya haraka, wanapotezana, wanacheka. Nawaambia: taratibu, anayeongoza ndiye mwenye jukumu la kufuatika. Baadaye nasema: sasa hakuna kiongozi, kila mmoja amfuate mwenzake. Darasa linanyamaza. Mikono inakwenda, na wewe uliyesimama pembeni huwezi kusema nani ameanza. Hata mtoto aliyekuwa hafungui mdomo wiki nzima anakuwemo.

Kisha unaingiza maneno kwa kanuni moja: kubali ulichopewa, ongeza chako. Mmoja anasema "Daktari, mguu wangu umeanza kuongea." Ukijibu "mguu hauongei" umeua kila kitu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alijibu: "Najua, nimeusikia tangu mapokezi. Unasema goti ndilo lililosaini."

#26 Ngosha wa Kirumba
Goti ndilo lililosaini 😂 Huyo mtoto apewe ubunge.

#27 mjuaji_wa_mambo
Hiyo ya kubali na kuongeza mmeikuza. Mtani wa Ngosha hakukubali lolote. Alibisha kila kitu na ndiyo maana watu walicheka.

#28 Bint Tandale
Alikubali kwamba baiskeli ipo, kwamba yeye ni marehemu, na kwamba ina pancha. Akaongeza miaka.

#29 mjuaji_wa_mambo
Hapo unaipindisha ili ikae.

#30 Dada wa Calgary
Mjuaji hajakosea sana. Johnstone mwenyewe alisisitiza zaidi kitu kingine: hadhi. Kila watu wawili wakikutana, mmoja anapanda, mwingine anashuka, na vichekesho vingi ni hicho tu. Bwana na mtumishi, mtumishi anampanda bwana bila bwana kujua. Aliwafundisha watu vitu vidogo: ongea kichwa kikiwa kimetulia, unaonekana mkubwa. Jiguseguse uso, unashuka. Watani wanafanya hivyo hasa, marehemu anawapanda walio hai.

Jambo jingine alilowaambia wanafunzi ni waache kutafuta ujanja, waseme kilicho wazi. Anayetafuta ujanja ndiye anayechelewa. Kwa hiyo Fundi, ile kasi unayoiona ni mtu ambaye ameacha kuchagua.

#31 KoleoLaMoto
Nimejaribu ya kichwa leo kwenye daladala. Konda kadai nauli mara ya pili. Sikugeuza shingo, nikamwambia polepole, "Nimeshakupa." Akaomba radhi. Nikaona raha, nikajikuna pua. Akasema, "Hebu toa hela bwana."

#32 Ngosha wa Kirumba
Chai hiyo.

#33 KoleoLaMoto
Naapa. Nimelipa mara mbili kwa ajili ya sayansi.

#34 Nai_Mwitu
Wasee, Kenya pia tuko. Nairobi kuna Because You Said So, hao hupewa maneno na watu na wanafanya papo hapo stejini. Na kabla yao si mnakumbuka Redykyulass, kundi la vichekesho vya TV, Nyambane akifanya Moi wakati Moi bado yuko ikulu. Hiyo ilikuwa imepangwa, sawa, lakini ile ya kushusha mkubwa ambayo dada amesema ndiyo hiyo. Watu walikuwa wanacheka huku wakiangalia mlango.

#35 Mtoto wa Makadara
Fundi Saa, sijaona aliyekujibu kuhusu wimbo, na hapo ndipo ulipoanzia.

Sisi Mombasa tumekua na watu wa kujibizana kwa mashairi papo kwa papo. Siri yao ni kuwa mtu hatungi kutoka juu kwenda chini. Akipewa jambo, hutafuta kwanza neno la mwisho, lile litakalopiga, kisha akili inarudi nyuma kutafuta kina cha kulifikia. Mstari wa kwanza na wa pili ni wa kuvuta wakati: habari zenu, jina lake fulani, atoka mahali fulani. Mskize Brady tena. Mwanzo wa wimbo hurudia aliyoambiwa na yule mama. Mzigo u mwishoni. Na Kiswahili kimetupendelea, maneno yetu karibu yote yaishia kwa irabu, vina viko tele. Mzungu apata tabu zaidi, ndiyo maana mimi namvulia kofia.

#36 Fundi Saa
Makadara hili ni jibu la kwanza lililonishika. Lakini umethibitisha kwamba nusu ya wimbo ni tayari. Akiba, kama ya Waitaliano wa Mwalimu.

#37 Mtoto wa Makadara
Muhogo wa kuchoma pia huwa tayari sokoni. Bado mtu alale njaa kwa kutojua kuuchoma.

#38 dogo_janja_tz
Wakuu nimeona mahali kuna mwalimu wao mmoja aliacha wosia fuvu lake litumike jukwaani?? Ni kweli au freemason?

#39 Bint Tandale
Del Close. Mwalimu mkubwa wa Chicago, yeye na Charna Halpern ndio waliokuza ile improvu ndefu inayoitwa Harold: neno moja kutoka kwa watu, linazaa visa kadhaa vinavyokuja kukutana. Alifariki 1999, akausia fuvu lake lipewe ukumbi wa Goodman litumike kwenye mchezo wa Hamlet. Halpern akalipeleka, likapokelewa kwa heshima zote. Mwaka 2006 waandishi wa Chicago Tribune wakachunguza, ikaonekana siyo lake. Halpern akakiri kwamba madaktari walikataa kulitoa, akaenda kununua jingine.

#40 Mzee wa Gerezani
Astaghfirullah.

#41 Ngosha wa Kirumba
Yaani mama wa watu alikataliwa, akakubali, akaongeza lake 😂

#42 Likasi243
Na lile fuvu lingine ni la nani?

#43 KoleoLaMoto
Likasi tafadhali, ni usiku.

#44 Fundi Saa
Turudi. Hoja zenu nimezisoma: mkasi, utani, urithi, akiba, kukaa pamoja, kuacha ujanja, vina. Kila mtu ana yake na haziafikiani. Napendekeza jaribio. Dada wa Calgary aende kwenye onyesho, wakiomba neno, apaze sauti kitu ambacho hakuna binadamu alikiandaa.

#45 Dada wa Calgary
Naweza Ijumaa. Ila jueni watazamaji dunia nzima wanapiga kelele zilezile, wakiulizwa mahali basi ni "chooni!" Waigizaji wamechoka nayo. Nipeni neno zuri.

#46 Ngosha wa Kirumba
Mbio za Mwenge.

#47 Nai_Mwitu
Chief wa lokesheni anasaka chang'aa.

#48 mjuaji_wa_mambo
Kikokotoo cha mafao ya wastaafu.

#49 Mzee wa Gerezani
Hicho msikifanyie mzaha.

#50 Mtoto wa Makadara
Somo akimfunda mwari siku ya harusi, na mwari ajua zaidi kuliko somo.

#51 Dada wa Calgary
Hiyo ya somo naweza kuieleza kwa Kiingereza. Imepita.

#52 Bint Tandale
Fundi, na wakiweza utasemaje?

#53 Fundi Saa
Nitasema Makadara kawapigia simu. Dada, urekodi kama wanaruhusu, bila video ni chai.